Meza ya Kuhariri: mlango, friji na filamu tatu zisizokwisha

Mwezi huu sanduku la barua limejaa wanafunzi wa filamu. Nadhani walimu wao wamewatuma "mkafanye mazoezi" bila kuwaambia zoezi lina sura gani. Nimechagua barua nane. Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi ni mhariri wa filamu, mwaka wa 27 sasa, na katikati nimefundisha kwa vipindi. Kazi yangu ni kukaa kwenye chumba chenye giza na makosa ya watu wengine, nikiyatafutia pa kuyaficha. Kwa hiyo majibu yangu yananuka meza ya kuhariri. Mpiga picha angewajibu vingine, na pengine naye angekuwa na haki.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa pili. Tangu nianze chuo nimepiga filamu tatu za mazoezi na hakuna hata moja iliyokwisha. Ya kwanza ilikuwa ya dakika 40. Mwigizaji mkuu alinyoa nywele kabla hatujamaliza. Ya pili niliichoka. Ya tatu iko kwenye diski, na kila nikiifungua tumbo linanikata. Sasa nina wazo jipya la dakika 25, na safari hii naamini ndilo lenyewe. Nianze?
Diski Imejaa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usianze.

Pole ya nywele. Kila mhariri ana kisa chake cha nywele, na hakuna programu inayozirudisha. Lakini hata angebaki nazo, ile ya dakika 40 isingekwisha, maana ulijitwisha kila kitu kwa mpigo: mswada, waigizaji, mwanga, sauti, ratiba na ugomvi wa ratiba. Mambo yakikwama namna hiyo hujui hata ni lipi lililokwama. Fundi cherehani mpya hapewi suti. Hupewa kipande cha kitambaa chakavu, akaambiwa apige mshono ulionyooka, kisha aufumue na kuupiga tena. Wewe umeanza na suti tatu, na zote zina mkono mmoja.

Nami nikupe kitambaa chakavu. Wanafunzi wangu hukiita "mlango". Mtu anakuja mpaka mlangoni, anasita, anafungua, anaingia, anakuta ndani kuna kitu ambacho hakukitarajia. Hakuna neno linalosemwa. Urefu ni sekunde 60, zisizidi 90. Mwigizaji mmoja, chumba kimoja, shoti (kipande cha picha tangu kamera iwashwe mpaka izimwe) zisizozidi saba. Piga Jumamosi, hariri Jumapili, na Jumatatu watu waione, iwe iwavyo.

Ni rahisi mpaka uketi kuhariri. Hapo utagundua kwamba nje alishika kitasa kwa mkono wa kulia, na ndani mlango unasukumwa na mkono wa kushoto. Utagundua kwamba nje alikuwa akitembea kuelekea kulia kwa fremu (mipaka ya picha), na ndani anaingia akielekea kushoto, hivyo mtazamaji anadhani ameghairi na anarudi alikotoka. Utagundua kwamba ulisema "kata!" mlango ulipoanza tu kufunguka, na ndani ukawasha kamera mtu akiwa tayari katikati ya chumba, kwa hiyo hakuna hata nusu sekunde inayopatikana kwenye shoti zote mbili. Nikiletewa hiyo sina pa kukatia, yaani pa kuhama kutoka shoti moja kwenda nyingine. Naweza kuficha mengi, lakini siwezi kuficha kitu ambacho hakikupigwa.

Dawa yake ni kumwacha mwigizaji afanye tendo zima katika kila shoti. Nje, afungue na aingie mpaka apotee machoni. Ndani, kamera iwe inarekodi kabla kitasa hakijasogea. Hesabu kimoyomoyo hadi tano kabla ya kusema "anza", na hadi tano kabla ya kusema "kata". Ukifika mezani, jaribu kukata wakati kitasa kinashuka. Kisha jaribu kukata mlango ukiwa umeshafunguka na umetulia. Ile ya kwanza jicho halioni mshono, kwa sababu linaukimbiza mwendo wa mkono. Ya pili linaona mshono wote, kama kiraka cheupe kwenye suruali nyeusi.

Jumamosi ya pili rudia mlango uleule na mtu yuleyule, ila badili jambo moja tu: mtazamaji aonyeshwe kilichomo ndani kabla mtu hajafika. Jumamosi ya tatu, kilichomo kisionekane kabisa. Tuone uso wake, basi. Utaona kwamba toleo la kwanza linashtua na kwisha hapo hapo. La pili linakubana koo tangu hatua za kwanza kule nje, ingawa hatua ni zilezile na viatu ni vilevile. La tatu limeegemea uso kiasi kwamba mwigizaji akizidisha chembe, watu watacheka. Kwa wiki tatu utakuwa na filamu tatu zilizokwisha, na utakuwa umeanza kujua jambo ambalo zile dakika 40 hazikukufunza: nani ajue nini, na ajue lini.

Tena usidhani ufupi ni utoto. Ousmane Sembène, mwandishi na mwongozaji wa Senegal, alikuwa ameshachapisha riwaya, na umri wake unakaribia miaka 40, alipokwenda Moscow mwanzoni mwa miaka ya 1960 kujifunza filamu. Filamu yake Borom Sarret, aliyoipiga Dakar na kuitoa mwaka 1963, ina dakika 20 hivi. Mtu mmoja, farasi na mkokoteni, siku moja, abiria mmoja baada ya mwingine. Sauti hazikurekodiwa pamoja na picha, ziliwekwa baadaye, kwa hiyo mwenye mkokoteni anatusimulia mwenyewe yaliyo moyoni mwake, na ukiitazama huwazi kabisa kwamba kuna kifaa kilichokosekana.

Sasa, ile ya tatu inayokukata tumbo. Ifungue mara moja ya mwisho. Tafuta dakika mbili zilizo bora kuliko nyingine, zishone ziwe kitu chenye mwanzo na mwisho, weka jina, weka majina ya waliofanya kazi, wape wenzako. Jipe wiki moja tu. Watu wale walikupa siku zao, angalau wayaone majina yao. Zile mbili nyingine zizike, mimi sitauliza. Na wazo la dakika 25 liandike kwenye daftari, kisha ufunge daftari. Kama kweli ndilo lenyewe, litakungoja.

SWALI: Mwalimu, mwenzangu darasani ana kamera kubwa na lenzi tatu. Mimi nina simu tu. Nitajifunza nini na simu?
Simu Mkononi

JIBU: Karibu yote, ukiacha lenzi zenyewe. Bonyeza uso wa mtu kwenye kioo na ushikilie kidole mpaka fokasi (ukali wa picha) na kiwango cha mwanga vijifunge (simu nyingi zina hiyo), ili picha isiwe inang'aa na kufifia yenyewe kila mtu anapopita. Usivute karibu kwa vidole, sogea kwa miguu. Chagua fremu (hapa ni picha moja moja zinazofanya mwendo) 24 au 25 kwa sekunde na usizibadili katikati ya kazi; mtu akiniletea nusu ya sini (tukio moja la filamu) kwa 25 na nusu kwa 30, mwendo wa watu hukwaruza na mimi hukwaruzika pia. Msimamishe mtu ubavuni mwa dirisha, usimsimamishe mgongo kwa dirisha.

Halafu fanya zoezi la ndugu wawili Lumière, Wafaransa waliokuwa miongoni mwa wapiga filamu wa kwanza. Mwaka 1895 mkanda wao ulitosha sekunde 50 hivi, kamera imesimama wima, hakuna sauti, hakuna kukata. Piga kumi za namna hiyo. Unachoamua ni viwili tu, usimame wapi na uanze lini, na nakuhakikishia kwamba saba kati ya hizo kumi utaanza umechelewa. Mwenzako mwenye lenzi tatu mwambie naye afanye. Zitamchanganya.

SWALI: Shikamoo. Picha zangu wanazisifu, lakini kila mtu anasema anachoka kusikiliza. Nimeshusha muziki, nimepandisha muziki, bado. Tatizo ni nini?
Masikio Mazito

JIBU: Marahaba. Hebu nikusimulie friji yangu.

Filamu yangu ya kumaliza mwaka wa kwanza ilikuwa ya watu wawili, dada na kaka, wanagombana jikoni juu ya barua. Dakika nne. Tulipiga upande wa dada kwanza, teki (kila mara shoti inaporudiwa) zote, kisha tukageuza taa na kupiga upande wa kaka. Hakuna aliyeisikia friji. Masikio yetu yalikuwa yameshaizoea; kichwa cha binadamu kina tabia ya kufuta kelele isiyobadilika. Maiki haina kichwa. Friji ile ilikuwa inanguruma kwa muda, inanyamaza, inaanza tena, na kwa bahati yangu ilinguruma muda wote wa dada, ikanyamaza muda wote wa kaka. Nilipozishona pande mbili, dada akisema kuna "mmmmm" chini ya maneno, kaka akijibu kuna shimo, dada tena, "mmmmm". Wakawa kama wanagombana kwa simu kutoka nyumba mbili tofauti. Nikaweka muziki juu yake kama wewe. Sasa ikawa muziki, "mmmmm", muziki, shimo. Siku ya maonyesho ukumbi mzima ulicheka pale dada anapolia. Nilikuwa nimekaa mstari wa nyuma, karibu na mlango, na niliutumia mlango huo.

Kwa hiyo, kabla hujawasha kamera, kaa kimya na usikilize chumba, ukiwa umevaa visikilizio vilivyochomekwa kwenye kinachorekodi, siyo kwa masikio matupu. Zima friji, zima feni, saa ya ukutani itoe nje. Na unapozima friji weka funguo zako za nyumba ndani yake. Huwezi kuondoka bila funguo, kwa hiyo huwezi kusahau kuiwasha. Huu ni ujanja wa zamani wa warekodi sauti, na umeokoa vyakula vingi vya watu waliotuazima nyumba. Mwisho, kabla hamjafungasha, wote msimame palepale mlipo, mnyamaze, rekodi dakika moja ya chumba bila maneno. Kila chumba kina kimya chake, na kimya cha jikoni hakifanani na cha ukumbini. Ile dakika ndiyo kiraka changu: naitandaza chini ya mazungumzo yote ili mishono isisikike. Wanafunzi huona haya kuomba watu kumi wanyamaze dakika nzima. Omba tu.

Kuhusu maiki, umbali una uzito kuliko bei. Maiki ya kawaida ikiwa sentimita 30 kutoka mdomoni itaishinda ya kifahari iliyo mita mbili. Kama huna kabisa, simu ya pili iliyofichwa nyuma ya kitabu mezani inatosha. Piga kofi moja mbele ya kamera mwanzoni mwa kila teki, nitalinganisha kofi la picha na kofi la sauti.

Zoezi lako: wiki moja usiguse picha. Tengeneza dakika moja ya sauti tupu, mtu anaamka, amechelewa, anatoka, anarudi kuchukua alichosahau. Wazimie watu taa, wasikilize, kisha waulize: ni mwanamume au mwanamke? Amevaa viatu gani? Chumba ni kikubwa au kidogo? Alisahau nini? Wakikosa la mwisho, rudi ukarekodi upya.

SWALI: Naweza kutumia wimbo maarufu kwenye filamu ya mazoezi? Siiuzi.
Mpenda Muziki

JIBU: Ikibaki darasani, fuata utaratibu wa chuo chako. Siku utakapotaka kuituma kwenye tamasha utaulizwa kibali cha mtunzi na kibali cha mwenye rekodi, ambavyo ni vitu viwili, na "siiuzi" haitakusaidia. Mtafute mwanafunzi wa muziki. Naye anatafuta kitu cha kufanyia mazoezi.

SWALI: Mwalimu wetu ametupa kazi ya kuiga sini ya filamu tunayoipenda, shoti kwa shoti. Wenzangu wanasema huo ni wizi na unaua ubunifu. Wewe unaonaje?
Sipendi Kopi

JIBU: Naona mwalimu wenu anajua anachofanya. Mkiiandika "zoezi" na kuacha kuisambaza kama kazi yenu, hamjamwibia mtu. Na ubunifu unaouawa na zoezi la wiki mbili ulikuwa mgonjwa tangu zamani.

Ila fanyeni sawasawa. Anza na karatasi. Tazama sini ile bila sauti, simamisha kila inapokatwa, chora kiboksi, andika ni sekunde ngapi. Sini ya dakika mbili inaweza kuwa na shoti 30 au shoti moja, na ukiulizwa kwa kumbukumbu tu utakosea kwa mbali, nakwambia. Kisha ipigeni kwa watu wenu na chumba chenu. Hamtaweza kuilinganisha, na pale mnaposhindwa ndipo penye somo. Utaweka kamera usawa wa macho, picha ikataa kufanana, uishushe, ikatae, mpaka ugundue kwamba mwenzio alikuwa ameiweka usawa wa kifua, ndiyo maana yule mtu alionekana mzito. Hakuna mhadhara utakaokuingizia jambo hilo kama magoti yako yaliyopiga sakafu.

Mchezo huu ni wa zamani. Chuo cha filamu cha Moscow kilipoanzishwa mwaka 1919, mkanda ulikuwa adimu kwa sababu ya vita. Mwongozaji Lev Kuleshov, aliyefundisha hapo, na wanafunzi wake wakawa wanaigiza "filamu bila mkanda", yaani wanapanga na kucheza shoti zote kana kwamba kamera ipo, na wanafumua filamu za wengine waone zilivyoshonwa. Katika karakana hiyo ndimo lilimotoka lile jaribio la uso: uso mmoja wa mwigizaji usio na hisia yoyote, ukafuatishwa na sahani ya supu, kisha jeneza, kisha mwanamke. Husimuliwa kwamba watazamaji walimsifu mwigizaji kwa kujua kuonyesha njaa, majonzi na tamaa.

Lifanye kwenu, ni la nusu saa. Mpige rafiki yako klozapu (uso tu, kwa karibu), mwambie ahesabu kimoyomoyo kutoka 20 kurudi nyuma. Usimwambie zaidi ya hapo. Kisha mshonee mtoto anayelala, mshonee begi lililoachwa wazi, mshonee mlango uliofungwa. Ukimaliza kuiga ile sini ya mwalimu, chukua picha zilezile na uzihariri ili yule mwema awe ndiye mwongo. Hiyo sehemu ya pili walimu wengi huisahau, na kwangu ndiyo tamu kuliko yote.

SWALI: Waigizaji wangu ni marafiki zangu. Wakizungumza kawaida ni watu, nikiwasha kamera wanakuwa wasomaji wa taarifa ya habari. Nawaambia "kuwa na huzuni zaidi", inazidi kuharibika.
Mwongozaji wa Marafiki

JIBU: Huzuni haichezeki. Jaribu wewe hapo ulipoketi: kuwa na huzuni zaidi. Umekunja uso, si ndiyo? Na wao ndivyo wanavyofanya. Mtu anaweza kucheza kile anachokitaka kutoka kwa mwenzake. Mfanye asiondoke. Mfanye aombe radhi. Mchekeshe ili alisahau swali lake. Mpe kitenzi, na uipe mikono yake kazi.

Niliwahi kukaa kwenye seti ya wanafunzi, sini ya kuachana. Binti alikuwa na mstari mmoja: "Nenda tu, sijali." Teki sita, zote mbao. Mwongozaji, kijana mpole sana, akaja na kapu la nguo zilizofuliwa, akalimwaga kitandani, akamwambia: "Hizi zote ziwe zimekunjwa kabla hajatoka, na asione machozi yako." Basi. Teki ya saba binti alikunja shati, akaliweka, akalichukua lilelile akalikunja tena, ingawa lilikuwa limekunjwa vizuri. Alisema mstari wake akiongea na kola. Nilipoihariri nikaondoa maneno, nikabakiza shati. Mwandishi wa mswada hakunisemesha wiki nzima.

Jambo la pili, fanyeni mazoezi kabla ya kamera. Mwongozaji Christopher Nolan alipopiga filamu yake Following (1998) kwa mkanda wa milimita 16, walikuwa wanapiga hasa Jumamosi, kwa takriban mwaka, kwa sababu kila mtu alikuwa na ajira yake. Mkanda ulikuwa ghali, hivyo walirudia kila sini mpaka teki moja au mbili zitoshe. Ninyi kadi zenu hazijai, ndiyo maana mnajifunzia mbele ya kamera na kuniletea teki 19, ambazo 14 kati yake mwigizaji alikuwa anatafuta maneno. Jiwekeeni kikomo cha teki tatu. Mkishindwa, zimeni kamera, kaeni chini, semeni ile sini bila kuigiza, kama watu wanaosomeana orodha. Kisha simameni.

SWALI: Nikiwaonyesha watu kazi zangu wanasema "nzuri". Kila mtu, "nzuri". Nitajuaje pa kurekebisha?
Nzuri Tu

JIBU: Mdomo una adabu, mwili hauna. Usikae nao wakitazama skrini. Kaa pembeni mbele, uwatazame wao, na karatasi mkononi. Andika dakika na sekunde kila mtu anapojigeuza kitini, anapokohoa, anapogusa simu. Mmoja akijigeuza ni mgongo wake. Watatu wakijigeuza sekunde ileile, hapo pana shoti iliyokaa kupita haja yake.

Kabla ya kuanza usieleze kitu. Najua unatamani kusema "sauti bado sijaimaliza, na ile sehemu ya katikati ina maana ya utotoni". Nyamaza. Baada ya hapo usiwaulize kama imewapendeza. Waambie: "Nisimulieni kilichotokea." Kisha kaa kimya, hata wakikosea, hasa wakikosea. Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa na filamu ya baba na mwana wanaopatana, akasimuliwa na watu watano, wanne kati yao wakamwambia ni ya mwizi na mwenye nyumba. Alikuwa amekata shoti ya picha ukutani, ya sekunde mbili, kwa sababu ilikuwa na fokasi dhaifu kidogo. Tukairudisha na ulegevu wake.

Watu wakikupa ushauri wa kurekebisha ("weka mlipuko", "angekufa"), andika ni wapi waliposema hivyo na uusahau ushauri wenyewe. Mahali wanapopataja mara nyingi ndipo kweli penye ugonjwa. Dawa zao karibu zote ni mbovu, na zangu pia, nikiwa mtazamaji tu.

SWALI: Mimi nataka kuongoza. Chuo kinatuzungusha kwenye kila kazi, na mwezi huu nimepewa kushika bumu (fimbo ndefu yenye maiki) kwenye filamu niliyoiandika mwenyewe, mwingine ndiye anaongoza. Naona napoteza muda.
Mwongozaji Mtarajiwa

JIBU: Ishike. Mikono juu ya kichwa, maiki nje ya fremu, kivuli chake kisianguke ukutani, na mazungumzo ni yale uliyoyaandika wewe, dakika nne bila kupumzika, teki baada ya teki. Kufikia teki ya pili mabega yatakuwa yamekwambia ni sentensi zipi zinazozidi. Niandikie tena mwezi ujao, kama utaweza kuinua kalamu.